UZI: Rikambenti na traiki, kuendesha na kufunga vifaa. Kabla ya spidi, tengeneza mkao

Bumu_Refu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Maswali ya baiskeli za kulala (rikambenti, na zile za matairi matatu tunaziita traiki) yamekuwa mengi na karibu kila mtu anaanza na lile lile, ipi inakimbia. Mi naomba spidi ije mwisho kabisa. Kwenye rikambenti kila kitu kinaanzia kwenye mkao, kwa sababu kwenye baiskeli ya kawaida mwili ukichoka unajisogeza, unainuka, unakaa tena, hapa siti imekushika mgongo mzima huna pa kwenda, bumu (ule mkono wa mbele unaobeba pedali) likizidi sentimita mbili tu goti litakwambia kabla hujafika mbali. Nimeona watu wananunua taa za nguvu, mabegi, kompyuta ya baiskeli, kila kitu kipo, halafu mkao haujaguswa toka ilivyotoka kwenye boksi, na baada ya muda mfupi baiskeli inatafutiwa mteja.

Tuanze na matairi mawili au matatu. Ya mawili ni nyepesi, inapenya popote inapopenya baiskeli ya kawaida, na ikilala vizuri inakata upepo kuliko traiki nyingi. Bei yake ni balansi, hasa ukiwa mwendo wa taratibu na wakati wa kuondoka. Traiki haina habari na balansi, unaweza kupanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea, ukasimama katikati ukavuta pumzi umekaa hapo hapo kwenye siti yako, ukaondoka tena. Lakini ni pana, nyingi zinacheza kwenye sentimita 70 mpaka 80 na kitu, ni nzito, na inaacha alama tatu barabarani, kwa hiyo shimo ulilolipitisha vizuri katikati ya matairi ya mbele linakutana na tairi la nyuma.

Traiki zenyewe ziko aina mbili. Tadipoli ina mawili mbele moja nyuma, ndiyo nyingi zaidi sasa hivi, imetulia kwenye kona na ndiyo ya mwendo (ICE, Catrike, HP Velotechnik, Azub, Greenspeed wote wanatengeneza hizi). Delta ina moja mbele mawili nyuma, kama Kettwiesel ya Hase, siti mara nyingi iko juu zaidi, unaingia na kutoka kirahisi na inageuka sehemu finyu, ila kona ya kasi inanyanyua tairi la ndani mapema. Mtu mwenye shida ya magoti au nyonga ajaribu delta kwanza kabla hajadanganywa na picha za tadipoli zilizolala chini kabisa, kuinuka pale chini ni kazi.

Sasa mkao. Bumu ni ule mkono wa fremu uliotoka mbele umebeba krenki (ile mikono inayoshika pedali) na pedali zenyewe, unavutwa au unasukumwa kufuata urefu wa miguu yako. Vaa viatu utakavyoendeshea, kaa, sukuma makalio mpaka mwisho wa siti, weka kisigino kwenye pedali iliyofika mbali zaidi. Mguu unyooke bila kiuno kuchomoka kwenye siti. Ukirudisha mguu sehemu yake ya kawaida goti litabaki limekunja kidogo, hapo ndipo. Likiwa fupi maumivu yanakuja mbele ya goti, likiwa refu yanakuja nyuma ya goti na kwenye kano ya kisigino na utakuwa unateleza kwenye siti kila ukisukuma. Na ukivuta bumu nje kumbuka cheni, kama urefu hautoshi direla (kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kwenye gia) itanyooka mpaka mwisho na ukiingia gia kubwa mbele na kubwa nyuma kitu kinakatika.

Pembe ya siti nayo watu wanaiogopa. Kuna zinazolala digrii 20 na kitu na zinazosimama 45 hivi au zaidi. Ukikaa wima uzito wote uko kwenye makalio na yatawaka moto, hayo ndo maumivu ya makalio ambayo kila mgeni anayalalamikia, ukilala uzito unasambaa mgongoni lakini shingo inaanza kubeba kichwa, kwa hiyo ukilala sana funga kiegemeo cha kichwa. Anza katikati, badilisha kidogo kidogo, na kila ukibadilisha pembe ya siti pima bumu upya maana umbali wa kwenda pedali umeshabadilika.

Sehemu ninayotaka kila mtu mwenye traiki aisome mara mbili: MIGUU IFUNGWE KWENYE PEDALI. Traiki iko chini, miguu iko mbele yako. Mguu ukichomoka ukagusa ardhi huku unatembea, traiki inaendelea kwenda na mguu umebaki, unavutwa nyuma chini ya mhimili wa mbele. Watu wamevunjika mifupa na kuchanika kano za goti hivyo, na wala haihitaji spidi kubwa. Suluhisho ni pedali za kunasa na viatu vyake, au kama hutaki kunaswa basi pedali yenye kikombe cha kushika kisigino na mkanda juu. Hii usiseme utanunua mwisho wa mwezi, usitoke nje ya geti bila hiyo.

Gia ntaandika chini, na wengine mnaojua breki na alaimenti karibuni mwage ujuzi.

---

Spoki32

Mkuu uzi mzuri ila tuwe wakweli, hizi ni baiskeli za watu wenye matatizo ya mgongo na wazee. Kama mtu ana afya yake na anataka kukimbia si achukue baiskeli ya mbio tu, mbona hatuzioni kwenye mashindano makubwa?

---

Bumu_Refu

@Spoki32 huzioni kwa sababu zilipigwa marufuku, na zilipigwa marufuku baada ya kushinda. Mwaka 1933 pale Paris, Francis Faure, ambaye hakuwa katika mastaa wakubwa wa enzi zile, alipanda Velocar, rikambenti ya Charles Mochet, akaenda kilomita 45.055 ndani ya saa moja. Rekodi ya Oscar Egg ya 44.247 ilikuwa imekaa toka 1914. Mabingwa wote wa hiyo miaka karibu 20 walikuwa hawajaigusa! Mwaka uliofuata UCI, chama cha dunia cha mbio za baiskeli, wakaketi wakaandika upya maana ya baiskeli ya mashindano, krenki ikae wapi, siti ikae wapi, na rikambenti ikatolewa nje. Faure akarudi 1939 na Velocar iliyofunikwa ganda akapita kilomita 50 kwa saa.

Halafu usisahau huko ambako hiyo sheria haifiki. 1976 ikaundwa IHPVA, chama cha vyombo vinavyoendeshwa na nguvu za binadamu, ambacho hakijali umekaa vipi. 1986 Fred Markham akavuka maili 65 kwa saa kwenye Gold Rush, rikambenti ya ganda ya Gardner Martin. 2016 kule Battle Mountain, Nevada, Todd Reichert akafika kilomita 144.17 kwa saa kwenye barabara tambarare, miguu yake mwenyewe, amelala ndani ya ganda. Hao si wagonjwa.

Sababu haina maajabu, ukikimbia kwenye tambarare adui mkubwa ni upepo, na nguvu ya kuushinda inapanda kwa kasi sana, spidi ikiwa mara mbili unahitaji karibu nguvu mara nane kwa upande wa upepo peke yake. Anayelala anatoa kifua kwenye njia ya upepo. Ila nakubaliana na wewe kwenye kitu kimoja, mlimani faida hiyo inaisha, maana pale unapigana na uzito na huwezi kusimama juu ya pedali.

---

Spoki32

Hiyo ya 1933 sikuijua kabisa. Sawa mkuu, naendelea kusoma. Mlimani mnafanyaje sasa?

---

Bumu_Refu

Mlimani unazungusha, husukumi. Ukisukuma gia nzito umeegemea siti unaweza kutoa nguvu kubwa sana kwa sababu mgongo umepata ukuta wa kusukumia, na ndo hapo magoti yanapoharibika. Kwa hiyo gia ya chini iwe ya chini kweli kweli.

Piga hesabu wewe mwenyewe kabla hujanunua. Chukua mzunguko wa tairi la nyuma, zidisha na meno ya mbele, gawa kwa meno ya nyuma, unapata krenki ikizunguka mara moja unasogea mita ngapi. Tairi la inchi 20 (ile ya rimu ya milimita 406) mzunguko wake ni kama mita 1.5. Ukiwa na meno 30 mbele na 34 nyuma unapata kama mita 1.3. Ukiweka 24 mbele na 36 nyuma unapata mita 1 kamili, yaani ukizungusha mara 60 kwa dakika unapanda kwa kilomita 3.6 kwa saa, kwenye matairi mawili hapo ungeshaanguka lakini traiki inapanda tu. Kwa tairi la inchi 26 mzunguko ni mita 2 na kidogo, kwa meno hayo hayo 24 na 36 unapata kama 1.4. Ndo maana mtu wa milima na mizigo namshauri tairi dogo nyuma, na anayekaa tambarare achukue 26 maana kwa 52 mbele na 11 nyuma tairi dogo linampa mita 7 tu, na 26 linampa karibu 9.7.

Kuna njia zingine za kupanua gia, habu (kitovu cha gurudumu) ya Rohloff ya gia 14 ndani ina upana wa asilimia 526, yaani gia ya juu ni mara tano na kitu ya ile ya chini, na unabadilisha hata ukiwa umesimama, hiyo kwenye traiki ni raha sana kwa sababu ukisimama ghafla na gia kubwa huwezi kuinua tairi la nyuma ukazungusha kama baiskeli ya kawaida. Ukiwa na direla jizoeze kushusha gia KABLA hujasimama. Kila taa, kila makutano.

Na miguu yenyewe inachukua muda, misuli inayofanya kazi hapa hailingani na ile uliyoijenga kwenye baiskeli ya kawaida, usijipime wiki za mwanzo.

---

MamaKilomita

Asante kwa uzi kaka. Mi nina traiki, bumu nimeshapima hivyo hivyo ulivyosema na magoti hayana shida, ila nikishaenda muda vidole vya miguu vinakufa ganzi halafu nyayo zinawaka kama nimekanyaga makaa. Nikishuka nikatembea kidogo inaisha. Ni viatu au?

---

Bumu_Refu

Dada hiyo inawapata wengi sana na huwa haina sababu moja. Miguu iko juu, damu inapanda kuifuata, halafu pedali inabana mishipa ya fahamu iliyo chini ya kile kiungo cha vidole. Fanya hivi kwa mfuatano, kimoja kimoja ili ujue kipi kimesaidia. Legeza viatu, miguu ikipata joto inavimba. Kisha sogeza ile klipu ya chini ya kiatu irudi nyuma kuelekea kisigino mpaka mwisho wake, hiki peke yake kinamaliza tatizo kwa watu wengi (pima bumu tena baada ya hapo, litahitaji kuingia ndani kidogo). Kiatu kiwe na soli ngumu isiyopinda. Zungusha kwa gia nyepesi, ukisukuma nzito unaikandamiza nyayo muda wote.

Kama bado, angalia krenki. Nyingi zinakuja na milimita 170, kwenye traiki watu wengi wanaenda 155 au 150 na hawarudi tena, goti linakunja kidogo na mguu unatulia. Kama krenki ziko juu sana kuliko siti jaribu kusimamisha siti kidogo.

---

fundi_habu

Wadau naomba niingie hapa kwenye upande wa chini, matairi ya mbele, breki na cheni, maana hizi ndizo zinazoletwa mezani kwangu.

Alaimenti. Tadipoli ina matairi mawili mbele yanayotakiwa kuangalia mbele pamoja. Yakiwa yamepishana traiki inakuwa nzito unaona kama kuna mtu kaishika nyuma, na matairi ya mbele yanakwisha kama yamepigwa msasa. Namna ya kupima: weka usukani sawa, chagua alama moja kwenye kila rimu, pima umbali kati ya alama hizo mbili zikiwa upande wa mbele kwa urefu wa ekseli. Kisha sukuma traiki mbele mpaka alama zile zile zifike upande wa nyuma, pima tena. Kwa kutumia alama zile zile hata kama rimu ina wobo (inayumba ikizunguka) haikudanganyi. Mbele pawe sawa na nyuma au papungue milimita 1 mpaka 2, pasizidi nyuma hata siku moja. Marekebisho yako kwenye fimbo ya usukani, unalegeza nati ya kufungia, unazungusha fimbo kidogo, unapima tena. Traiki nyingine zina fimbo mbili, hizo zungusha zote kwa kiasi sawa usije ukahamisha kati ya usukani.

Breki. Tadipoli nyingi kila tairi la mbele lina breki yake na kila mkono una yake. Ukishika moja ghafla traiki inavuta upande huo. Shika zote sawa, na funga breki nyingi KABLA ya kona, maana ndani ya kona uzito umeshahamia tairi la nje na ukibana pale nyuma inanyanyuka. Inama kuelekea ndani ya kona na mwili wako wa juu, haya matairi hayalali kama ya baiskeli hivyo ni wewe unayelala. Mteremko mrefu dramu zinapata moto na kupoteza nguvu, diski zinavumilia zaidi, ila hata diski usiburuze breki kutoka juu mpaka chini, banisha kwa nguvu ukipunguza halafu achia ipoe. Breki ya nyuma kwenye traiki nyingi ni ya kupaki tu, na lazima uwe nayo kwa sababu traiki ukiiacha kwenye mteremko inaondoka yenyewe.

Cheni. Ni ndefu, unaunganisha cheni za kawaida mbili na nusu mpaka tatu na zaidi. Usiogope bei, kwa sababu ya urefu kila pingili inapita kwenye meno mara chache zaidi hivyo inadumu kuliko ya kawaida. Inapita kwenye mabomba ya plastiki na puli chini ya siti. Ile puli ya upande unaovuta ndo inabeba nguvu yote, ikianza kuunguruma angalia beringi na meno yake. Mabomba yasiwe na mafuta mengi, mchanga unanasa ndani na unageuka kuwa msasa. Kausha cheni kwa kitambaa, dondosha mafuta kwenye pingili, futa ya juu, basi.

---

Dada_wa_Saba

Samahanini wakubwa, mi sijawahi kupanda hizi. Baba yangu alipata kiharusi, upande wa kushoto mkono hauna nguvu na mguu unaburuza kidogo, lakini alikuwa mtu wa baiskeli maisha yake yote na inamuuma sana kukaa ndani. Daktari wake amesema mazoezi anaruhusiwa. Traiki inaweza kumfaa au nitampa hatari nyingine?

---

Bumu_Refu

Pole sana dada, na mpe mzee salamu zetu. Inaweza kumfaa vizuri kabisa, hawa ndio watu ambao traiki inawarudishia barabara. Vitu vya kusimamia ni hivi.

Udhibiti wote uhamie mkono wa kulia. Kuna mkono mmoja wa breki unaovuta breki mbili kwa pamoja, wa haidroliki au wa nyaya mbili, na gia zote zinaweza kufungwa upande huo huo, au achukue gia za ndani ya habu apate kidhibiti kimoja tu. Mkono wa kushoto upate kishikio cha kuulaza usianguke kwenye tairi, kwenye tadipoli tairi linazunguka karibu kabisa na kiwiko.

Mguu wa kushoto uwe na pedali yenye kikombe cha kisigino kinachopanda mpaka kwenye kigimbi na mikanda, zipo maalumu kwa ajili hii, zinazuia mguu usianguke wala kujikunja pembeni. Hapa usikubali mbadala wa kamba za kufunga funga, kumbuka nilichosema juu kuhusu mguu kugusa chini. Krenki fupi pia, na kuna za matundu mengi ambazo upande mmoja unaweza kuwa mfupi kuliko mwingine.

Siti iwe juu. Delta au tadipoli yenye siti ya juu, na vishikio vya pembeni vya kujiinulia. Akae ainuke mara kadhaa breki ya kupaki ikiwa imefungwa kabla hajapiga pedali hata moja, kama kuinuka ni shida hapo dukani basi barabarani itakuwa shida zaidi. Na ukiweza mpeleke na mtu wa fiziotherapia aone anavyokaa.

---

MamaKilomita

@Dada_wa_Saba ongeza motor ndogo ya kusaidia, asije akafika mbali akachoka akashindwa kurudi. Motor ya katikati kwenye krenki inapitia gia zenyewe kwa hiyo mlimani ina nguvu, ya kwenye habu ya nyuma haiichoshi cheni na ni rahisi kuitumia. Kwa mzee ningechukua ambayo inasaidia anapokanyaga tu, isiyoruka ghafla.

---

JuaUsoni

Niongezee vifaa maana nimeona watu wanaruka moja kwa moja kwenye mabegi.

Cha kwanza ni saidi mira. Umelala, bega limebanwa na siti, huwezi kugeuka kuangalia nyuma. Traiki funga mbili, kulia na kushoto, na uziseti ukiwa umekaa ndani. Mtu akiniambia ana hela ya kitu kimoja tu baada ya pedali namwambia mira.

Cha pili ni kuonekana. Bendera kwenye mti mrefu, rangi kali, ipite usawa wa madirisha ya magari. Taa ya nyuma iwake mchana pia, moja iwe juu kadri unavyoweza. Kwenye barabara ya wazi madereva wengi wanakupa nafasi pana kwa sababu hawajui ni kitu gani hiki wanakiona, tatizo liko kwenye foleni na makutano, pale gari lililo jirani halikuoni kabisa ukishakuwa chini ya boneti yake. Usikae pembeni ya lori, kaa mbele yake unapoonekana au baki nyuma.

Madigadi ya mbele kwa tadipoli siyo pambo. Matairi yako pembeni ya mikono na uso wako, maji na tope vyote vinakuja kwako, na madigadi yanazuia mkono kugusa tairi.

Jua linakupiga usoni moja kwa moja maana uso umeangalia juu, kofia yenye ukingo chini ya helmeti na miwani. Mvua inakusanyika mapajani. Na baridi inaanza miguuni, vidole ndo vinakata upepo kwanza, funika viatu.

Mizigo iwe chini na karibu na katikati. Yale mabegi marefu yanayoning'inia pande mbili za siti ni mazuri kwa sababu hayapandishi uzito, ukirundika juu ya keria ya nyuma kona zinabadilika kabisa. Maji weka begi la mrija nyuma ya siti, mrija uje begani. Siti ya wavu inapitisha hewa, ya ganda gumu inahitaji mkeka wa kupitisha hewa la sivyo mgongo wote unaloa.

---

Spoki32

Mmenishawishi kujaribu, ila mi nataka ya matairi mawili. Kuna jamaa ana ya gurudumu dogo mbele, fupi, krenki ziko mbele ya tairi. Mnaanzaje bila kuanguka?

---

Bumu_Refu

Karibu mkuu. Hiyo fupi inajibu usukani haraka, ile ndefu yenye tairi mbele ya miguu imetulia zaidi kwa anayejifunza, lakini zote zinafundishika. Tafuta eneo wazi la lami lenye mteremko mdogo sana. Simamisha siti kama inawezekana. Mara za kwanza usipige pedali, achia breki iteleze miguu ikiwa nje, uhisi inavyolala na kusimama, mpaka mikono itulie.

Kisha gia ya katikati kuelekea nyepesi, pedali moja iwe juu kidogo kupita usawa wa mbele, mgongo wote ulale kwenye siti, sukuma mara moja kwa uhakika na mguu wa pili uje haraka. Wanaoanguka wengi wananyanyua mabega kutoka kwenye siti na kuushika usukani kwa nguvu, kila pedali inageuka kuwa usukani na baiskeli inayumba. Legeza mikono kabisa, vidole tu. Angalia mbali, usiangalie tairi wala miguu. Hapa siku za mwanzo tumia pedali za kawaida zisizonasa ili uweze kushusha mguu, tofauti na traiki.

Ukikutana na zile zinazoendeshwa na tairi la mbele, kama Cruzbike, ambapo krenki zinageuka pamoja na usukani, jipe muda zaidi. Miguu inausukuma usukani na mikono inabidi ijibu, ukishaizoea mikono inasaidia kupanda mlima, lakini siku ya kwanza mwili unakataa. Mlima mkali wenye mchanga au maji tairi la mbele linaweza kuspini.

Na mashimo, huwezi kuinuka kwenye siti kukwepa mshtuko, kwa hiyo shimo lione mapema ulizunguke au punguza mwendo. Tairi nene kidogo lenye upepo wa wastani linasaidia kuliko watu wanavyodhani.

---

MamaKilomita

Jamani nimerudi. Klipu nimezirudisha nyuma na bumu nimeingiza ndani kidogo, ganzi imepungua sana, bado kidogo kwenye mguu wa kulia. Sasa swali kwa @fundi_habu, nimepima alaimenti kwa zile alama mbili, mbele ni kubwa kuliko nyuma kwa milimita 6! Na tairi la kushoto limeliwa mpaka nyuzi zinaonekana. Niliwahi kugonga ukingo wa barabara kwa tairi hilo hilo.

---

fundi_habu

Milimita 6 kwenda nje ni nyingi, na ukingo unatosha kabisa kufanya hivyo. Kabla hujazungusha chochote toa ile fimbo ya kushoto uiviringishe juu ya kioo au meza iliyonyooka. Ikiruka ruka imepinda, badilisha, usiinyooshe kwa nyundo maana itakatika ukiwa kwenye mteremko. Angalia na vile viungo vya mviringo (ball joint) vya mwisho wa fimbo, ukivitikisa visiwe na mchezo, na mkono wa chuma unaoshika ekseli uulinganishe na wa kulia kwa macho na kwa rula. Vyote vikiwa salama ndo ufunge, uzungushe kidogo kidogo mpaka mbele ipungue milimita 1, kaza nati, pima tena baada ya kukaza kwa sababu nati ikikazwa inaweza kusogeza fimbo. Tairi lenye nyuzi nje usilipande hata mpaka dukani, toa.

---

MamaKilomita

Fimbo inaruka. Nishaagiza mpya na matairi mawili ya mbele kwa pamoja. Ntapima nikishafunga niweke namba hapa.